Chupa kumi na sita za asali: namna ya kupima dai la wastani wakati varianzi inajulikana

Mtaani kwetu Kanyenye, hapa Tabora mjini, kuna watu wawili ambao kuchelewa kwao hakulingani. Wa kwanza ni fundi cherehani. Anafunga kibanda chake na kufika nyumbani saa kumi na mbili na robo jioni, siku nenda siku rudi, akizidisha sana ni dakika tano. Wa pili ni kijana wa bodaboda: leo saa moja, kesho saa nne, keshokutwa amelala huko huko kijiweni. Siku fundi akichelewa nusu saa, mkewe anashika simu. Bodaboda akichelewa nusu saa, hakuna hata anayeangalia ukutani saa ngapi. Nusu saa ni ile ile, ila wawili hawa hawana kawaida moja ya kuyumba.

Wanafunzi wa takwimu wana somo wanaloliogopa kwa urefu wa jina lake: kupima nadharia tete, yaani dai linalosubiri kupimwa, kuhusu wastani wa kundi zima wakati varianzi, kipimo cha kuyumba, inajulikana. Ukilivua hilo koti, ndani unamkuta mke wa fundi. Kuna dai, kwamba mume hufika saa kumi na mbili na robo. Kuna tofauti iliyoonekana, nusu saa. Na kuna kitu alichokijua kwa miaka: mambo haya huyumba kiasi gani hata pasipo tatizo lolote. Unaichukua tofauti, unaigawa kwa kuyumba. Jibu likiwa dogo, unaendelea kupika. Likiwa kubwa, unapiga simu.

Mimi nililirudia somo hili kwa sababu ya shangazi. Ni mweka hazina wa kikundi cha wanawake wanaofungasha asali, asali ya miombo kutoka kwenye mizinga ya wilaya ya Sikonge. Mnunuzi wao mmoja alipiga simu akilalamika kwamba chupa zilizoandikwa gramu 500 ni pungufu.

"Amepima chupa ngapi?" nikamuuliza shangazi.

"Moja."

Tukacheka, lakini kicheko chake kilikuwa kifupi, maana mnunuzi ni mnunuzi. Namba nitakazotumia hapa nimezilainisha ili uweze kuzifuata kwa kikokotoo cha simu. Mwendo wenyewe ndio ule tulioufuata mezani kwake.

Kwanza nilitaka kujua kama malalamiko hayatokani na ule mkanganyiko wa siku zote wa nusu lita na nusu kilo. Asali ni nzito kuliko maji; lita moja ina uzito wa takribani kilo 1.4. Kwa hiyo gramu 500 za asali hujaza kama mililita 357 tu, na mtu aliyezoea chupa ya maji ya nusu lita akiiona ataapa kwamba ameibiwa. Lakini mnunuzi huyu alikuwa amepima kwa mizani, tena alikuwa ametoa uzito wa chupa tupu. Basi dai lake lilistahili kujibiwa kwa mizani vilevile.

Shangazi akaleta daftari. Kwa muda mrefu kikundi kilikuwa kikipima chupa baada ya kujaza na kuandika uzito, kurasa baada ya kurasa, kwa wino wa rangi tatu. Nilipoziona zile kurasa ndipo nikajua kwamba hesabu ninayoitaka inawezekana.

Sababu ni hii. Swali ambalo watu huuliza darasani, na mwalimu mara nyingi hulipita haraka, ni: kama wastani hatuujui, varianzi tutaijuaje? Varianzi si inakokotolewa kutoka kwenye wastani? Ni swali zuri, na jibu lake liko kwenye ndoo ya koki wanayojazia chupa. Wastani wa uzito unategemea alama: mfungaji anaangalia mstari gani kwenye chupa, au ameirekebishaje mizani asubuhi hiyo. Alama ikisogea kidogo, chupa zote zinasogea nayo. Lakini mtawanyiko, yaani chupa hii kuzidi gramu nne na ile kupungua gramu tano, unatokana na mambo mengine: kasi ya mkono kwenye koki, ule uzi wa asali unaoendelea kudondoka baada ya kufunga, unene wa vioo usiolingana. Hayo hayajui alama iko wapi. Ukitazama daftari utaona wastani wa mwezi huu na wa mwezi ule umepanda au umeshuka, huku upana wa mtawanyiko ukibaki ule ule. Hapo unaweza kusema varianzi inajulikana wakati wastani wa shehena ya leo haujulikani.

Daftari la shangazi lilitoa mchepuko sanifu, yaani kuyumba kwa kawaida kwa chupa moja, wa gramu 6. Maana yake kwa lugha ya mezani: kama wastani kweli ni 500, basi takribani theluthi mbili za chupa zitakuwa kati ya gramu 494 na 506, na chupa 95 katika kila 100 zitakuwa kati ya 488 na 512. Varianzi ni mraba wa mchepuko huo, yaani 36. Inapimwa kwa gramu za mraba, kipimo ambacho hakuna aliyewahi kukiona soko la hapa mjini wala soko lolote, na ndiyo maana watu wa takwimu huirudisha haraka kwenye mchepuko sanifu, ambao huandikwa kwa herufi ya Kigiriki σ.

Sasa rudi kwa yule mnunuzi na chupa yake moja. Tuseme ilikuwa na gramu 493. Imepungua gramu saba, na mchepuko ni sita. Saba kwa sita ni 1.17. Katika shehena isiyo na kasoro yoyote, chupa kama 12 kati ya 100 zitakuwa na uzito huo au chini yake. Chupa moja haiwezi kulaani katoni nzima. Wala haiwezi kuitakasa.

Tukaamua kupima chupa 16 kutoka kwenye shehena iliyokuwa bado stoo. Namna ya kuzichagua ilitugombanisha kidogo. Binti mmoja wa kikundi alishachukua katoni ya juu na kuanza kuzipanga. Nikamwomba azirudishe. Chupa za katoni moja kwa kawaida zimejazwa kwa mfululizo, kutoka ndoo moja, na mkono mmoja. Zina udugu. Ikipungua moja, jirani yake naye amepungua, na hapo chupa 16 hazitoi habari ya chupa 16. Zinatoa habari ya tatu au nne huku zikijifanya nyingi. Tukaandika namba za katoni na chupa kwenye vikaratasi, tukavikoroga ndani ya sufuria, binti akachomoa 16 akiwa amefumba macho. Ni kazi ya robo saa. Watu wengi huiruka kisha wakakaa saa nzima kwenye majedwali.

Kabla ya kupima hata chupa moja tuliandika madai mawili. La kwanza, nadharia tete sifuri: wastani wa shehena nzima ni gramu 500, kama lebo inavyosema. La pili, nadharia tete mbadala, ndilo lililotupa mjadala. Mnunuzi anajali upungufu tu. Hakuna mteja aliyewahi kupiga simu kulalamika kwamba asali imezidi. Kwake dai mbadala ni kwamba wastani uko chini ya 500. Kwa mweka hazina mambo ni tofauti. Chupa elfu moja zikizidi gramu nne kila moja, kikundi kimetoa bure kilo nne, yaani chupa nane. Yeye anahitaji kujua kama wastani umehama, upande wowote. Yote mawili ni halali, mradi uchague kabla ya kuona namba. Ukisubiri uone sampuli imeelemea wapi ndipo useme "mimi nilikuwa naangalia upande huo huo," umejikatia nusu ya bei: uwezekano wa kukosea umeuzidisha mara mbili kimyakimya. Kwa kuwa swali lililokuwa mezani lilikuwa la mnunuzi, tulichagua upande mmoja: chini. Tukakubaliana pia kwamba tutalikataa dai la lebo ikiwa uwezekano wa kulikataa kimakosa hauzidi asilimia 5.

Tukapima. Wastani wa chupa 16 ukawa gramu 496.7. Shangazi akashika kidevu. Upungufu wa gramu 3.3 ni mkubwa au mdogo?

Ukiugawa kwa 6 utapata namba ndogo, na wengi hukosea hapo hapo. Gramu 6 ni kuyumba kwa chupa moja. Tunachokipima sasa ni wastani wa chupa 16, na wastani huyumba kidogo kuliko chupa, kwa sababu aliyezidi anamfidia aliyepungua. Kiasi gani kidogo? Kinagawanywa kwa kipeuo cha pili cha idadi. Kipeuo cha pili cha 16 ni 4, kwa hiyo wastani wa chupa 16 huyumba kwa gramu 6 ÷ 4, yaani 1.5. Hili huitwa kosa sanifu, jina baya kwa kitu ambacho si kosa la mtu. Angalia pia ubahili wake: chupa 4 hupunguza kuyumba kwa nusu, chupa 16 hukifikisha robo, na ukitaka kukipunguza tena kwa nusu ni lazima upime chupa 64. Usahihi una bei, na bei yake inapanda haraka kuliko usahihi wenyewe.

Basi:

z = (496.7 − 500) ÷ 1.5 = −2.2

Wastani wetu uko hatua 2.2 chini ya mahali lebo inapodai. Hatua hizo ndizo lugha ya pamoja: ukishazipata, haijalishi tena kama ulikuwa unapima asali, dakika za fundi cherehani au magunia ya tumbaku ya Urambo. Unakwenda kwenye mgawanyo wa kawaida, ule wenye umbo la kengele uliochorwa kihesabu na Abraham de Moivre mwaka 1733, na kuuliza: dunia ambamo lebo inasema kweli, ni mara ngapi sampuli ingeteremka hatua 2.2 au zaidi? Jibu ni 0.0139, yaani karibu mara 14 katika kila 1,000. Mpaka tuliojiwekea wa asilimia 5 kwa upande mmoja uko kwenye hatua 1.645. Tumeuvuka. Dai la lebo tukalikataa.

Msomaji mwenye shaka atauliza kama uzito wa chupa kweli unafuata kengele. Inawezekana haufuati sawasawa. Lakini wastani wa chupa nyingi huifuata kengele kwa ukaribu hata pale chupa zenyewe zinapokuwa na umbo la hovyo hovyo. Laplace alilionyesha hilo mwaka 1810. Kwa chupa 16 na mtawanyiko usio na mikia ya ajabu, tuko salama.

Sasa ile 0.0139. Huitwa thamani p, na sidhani kama kuna namba inayosomwa vibaya kuliko hiyo. Binti wa kikundi akasema, "Kwa hiyo kuna uwezekano wa asilimia moja na nusu hivi kwamba lebo ni ya kweli." Hapana. Hesabu nzima ilianza kwa kukubali kwamba lebo ni ya kweli. Haiwezi kugeuka na kutoa uwezekano wa kitu ilichokichukua kama msingi. Inachosema ni kwamba kama lebo ni ya kweli, tulichokiona ni kitu adimu kiasi hicho. Asilimia 99 ya wavuvi wa Kigoma wanaweza kuwa wanajua kuogelea, lakini ukimkuta mtu anaogelea Ziwa Tanganyika huwezi kusema ana uwezekano wa asilimia 99 wa kuwa mvuvi. Sentensi imegeuzwa kichwa chini, na maana imemwagika.

Na asilimia 5 yenyewe imetoka wapi? Haikushuka kutoka mbinguni. Ronald Fisher, katika kitabu chake cha takwimu cha mwaka 1925, aliona hatua 1.96 kwa pande mbili, karibu 2, ni mpaka unaofaa kwa matumizi, na dunia ikaushika kama amri. Kama sisi tungeamua kuwa wakali, tukataka asilimia 1 kwa upande mmoja, mpaka ungekuwa 2.326. Hatua zetu 2.2 zisingefika. Chupa zile zile, mizani ile ile, uamuzi tofauti. Mimi sioni aibu katika hilo. Anayeweka mpaka anapaswa kufikiria gharama: tukiikataa lebo bure, kikundi kitashinda siku mbili kikifungua na kujaza upya chupa zisizo na kasoro. Tukiikubali wakati ni ya uongo, tunapoteza mnunuzi. Jerzy Neyman na Egon Pearson ndio waliokuja, katika kazi yao ya mwaka 1933, kuyaweka makosa haya mawili kwenye meza moja na kudai kwamba yote yahesabiwe.

Kosa la pili ndilo ambalo watu husahau, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo. Tuseme wastani wa kweli wa shehena ni 497. Kwa sampuli ya 16, tunaikataa lebo pale tu wastani wetu unaposhuka chini ya 500 − 1.645 × 1.5, yaani 497.53. Uwezekano wa kushuka hapo, wakati ukweli ni 497, ni karibu asilimia 64. Maana yake mara 36 katika 100 tungepima kwa uaminifu wote, tukapangusa mikono, na kumwambia mnunuzi hatujaona tatizo, ilhali tatizo lipo. Tungepima chupa 36, kosa sanifu lingekuwa gramu 1, mpaka ungekuwa 498.36, na uwezekano wa kuunasa upungufu ule ule ungepanda hadi asilimia 91. Na tungepima chupa 4 tu, tukapata 496.7 ile ile? Kosa sanifu gramu 3, z ni −1.1, thamani p ni 0.136. Tusingeweza kusema kitu.

Kwa hiyo mtu akikuambia "vipimo havikuonyesha tofauti," muulize alipima vingapi. Kushindwa kuikataa lebo hakuithibitishi. Mkulima aliyepita porini bila kuona mzinga hajathibitisha kwamba hakuna nyuki. Labda alipita haraka.

Upande wa pili wa sarafu hiyo una kichekesho chake. Chukua kikundi kikubwa kinachopima chupa 100 na kupata wastani wa gramu 499. Kosa sanifu ni 0.6, z ni −1.67, thamani p ni 0.048. Umevuka mpaka, dai limekataliwa! Kwa ajili ya gramu moja, tone linalobaki kwenye mfuniko. Hesabu haina ulimi wa kuonja. Inajua kama tofauti ipo, haijui kama ina uzito kwa mlaji. Ndiyo maana mimi hupenda kuandika pembeni ya z ule upana wa kiasi kinachowezekana. Kwa sampuli yetu ya 16 ni 496.7, ongeza au punguza 1.96 × 1.5, yaani kati ya gramu 493.8 na 499.6. Shangazi aliielewa hii kuliko yote niliyoeleza kabla. "Kwa hiyo wateja wanatudai kati ya nusu gramu na gramu sita," akasema, na hakukosea sana.

Kuna jambo ambalo z haiwezi kuliona kabisa. Kama mizani yenyewe inadanganya gramu tatu, chupa 16 zitadanganya, na chupa 1,600 zitadanganya kwa uhakika zaidi. Mizani ya kikundi ilikuwa na alama ya uhakiki ya Wakala wa Vipimo, lakini hata hivyo tulianza kwa kuweka jiwe la mizani la gramu 500 tulilolijua. Ikasoma 500.

Upungufu ulitoka wapi basi? Alama kwenye kipimo cha kujazia ilikuwa utepe wa gundi, na utepe ulikuwa umeteleza. Wakaubandika upya, kisha wakaukazia kwa rangi ya kucha.

Kilichobaki ni swali la shangazi mwenyewe, na lilikuwa bora kuliko yangu yote. Kikundi kilikuwa kinataka kununua ndoo mpya yenye koki pana. "Hizo gramu sita zako," akasema, "na koki mpya zitakuwa hizo hizo?"

Hazitakuwa. Koki nyingine, mtawanyiko mwingine. Hata koki ile ile hubadilika: asubuhi za kipupwe asali inapokuwa nzito inatoka polepole, mchana wa jua kali inatiririka kama chai. Na asali ya nyuki wadogo, yenye maji mengi zaidi, ni habari nyingine tena. Kuichanganya kwenye daftari moja na ya nyuki wakubwa ni kuchanganya makundi mawili na kuyapa σ isiyo ya yeyote.

Asiye na daftari la koki yake hulazimika kukadiria mchepuko kutoka kwenye sampuli ile ile ndogo anayoipima, na kadirio hilo nalo linayumba. William Gosset, aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha bia cha Guinness, Dublin, alikutana na shida hiyo hiyo ya sampuli ndogo, na mwaka 1908 akachapisha dawa yake kwa jina la kujificha, Student. Mpaka unasogezwa mbali zaidi ili kulipia kutojua: kwa chupa 16, badala ya hatua 1.645 unahitaji 1.753, kwa chupa 4 unahitaji 2.353. Tofauti kati ya namba hizo ndiyo thamani ya daftari la shangazi, kwa kadiri hesabu inavyoweza kuitamka.

Koki mpya ilifungwa wiki iliyofuata. Shangazi alikunja kona ya ukurasa wa mwisho wa σ ya zamani, akafungua ukurasa mweupe, akaandika tarehe kwa wino mwekundu na chini yake uzito wa chupa ya kwanza: 503.